Mrejesho: Pikipiki tisa Dar–Mombo–Lushoto, na yaliyotukuta tukishuka

GiaYaTatu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu.

Niliahidi tukirudi Lushoto nitaleta mrejesho. Nimechelewa, mnisamehe, vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa havitaki kuchapa.

Tulikuwa pikipiki tisa, watu kumi. GS mbili (moja ni yangu), Africa Twin moja, Himalayan mbili, KTM 390 ya dogo mmoja, DR650 ya mzee wetu ambayo imeona mengi kuliko sisi sote, na Boxer 150 mbili. Himalayan moja ilibeba abiria.

Tulitoka Dar saa kumi na moja alfajiri, tukapita Bagamoyo ili tutokee Msata. Anayeijua ile lami ya kilomita 64 anajua sababu: unayakwepa malori ya Kibaha na Chalinze, na asubuhi ile unakutana na ng'ombe wengi kuliko magari. Segera tukanywa chai na kula machungwa. Kuanzia pale mpaka Mombo hakuna hadithi, ni kuheshimu vibao vya 50 vijijini tu, maana tochi za kupima mwendo ziko kila mahali na trafiki hawana haraka kama wewe.

Mpangilio tuliukubaliana Bagamoyo, tukiwa bado na usingizi. Kwenye lami iliyonyooka tunakaa zigizaga: mmoja kulia, mmoja kushoto wa njia yetu, sekunde mbili kutoka kwa aliye mbele yako moja kwa moja. Zikianza kona, zigizaga inakufa. Mstari mmoja, na nafasi inaongezwa, kwa sababu ndani ya kona unahitaji upana wote wa njia yako. Mbele kiongozi, mwisho kabisa mkia, na mkia ndiye anayebeba zana, tyubu na uvumilivu. Kila njia panda, anayemfuata kiongozi anasimama, ananyoosha mkono, habanduki mpaka mkia ufike. Kundi linaweza kuvutika kilomita kumi na asipotee mtu. Pale Mombo, panapoachwa barabara kuu ukakata kulia, aliachwa dogo wa KTM. Mkia ulipofika ulimkuta amekalia ndoo ya mama muuza matunda, ana ndizi mbili mkononi na anaulizwa kama ameoa.

Sasa ile njia. Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, na ndani ya hizo unapanda karibu mita elfu moja. Chini ni joto na mashamba ya mkonge. Mara lami inajikunja, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na kuanzia hapo hupati mita mia mbili zilizonyooka. Barabara ni nyembamba. Kila kona ina kitu: mtoto na mbuzi, Coaster imesimama kushusha abiria, bodaboda kabeba magunia mpaka humwoni dereva. Hewa inabadilika kona kwa kona. Kufika Soni, kwenye yale maporomoko, nikafunga zipu ya koti. Kufika Lushoto nikatafuta sweta.

Kwa wasioujua, Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na enzi za Wajerumani uliitwa Wilhelmstal. Mwezi wa saba baridi yake haina mzaha. Jumapili asubuhi tulikwenda Irente, pale ukingoni. Unasimama juu ya jabali, Mazinde iko chini ya viatu vyako, na lile bonde tulilohangaika nalo jana linaonekana kama mkeka umetandikwa. Mzee wa DR650 alikaa pale nusu saa hajasema neno. Tulinunua jibini na mkate, tukafungasha mapeasi, saa tano tukaanza kushuka.

Chini ya Soni mwenzetu mmoja alilala kwenye kona. Fuso ilikuwa inapanda, imepanua, yeye akashika breki ya mbele juu ya majani ya kabichi. Mikwaruzo tu, na kioo cha kushoto kikaruka bondeni. Namshukuru Mungu.

Hoja yangu ni hii. Tulichelewa sana kwa sababu ya zile Boxer mbili. Mwendo wao mdogo unavuruga mpangilio, watu wa mbele wanasubiri, wa kati wanakimbiza. Je, tuweke utaratibu kwamba misafara ya milimani iwe ya cc 250 kwenda juu tu? Nasubiri wajuzi.

Mla Kabichi

Bila picha hii ni chai. Tena ya tangawizi.

Halafu majani ya kabichi yameingiaje kwenye kesi hii? Naomba nitendewe haki.

Binti Klachi

Hongereni kwa kufika na kurudi. Mimi ndiye niliyekuwa abiria wa Himalayan, na mwenzangu hakuniambia kama uzi umeshafunguliwa.

Kaka Gia, umeandika vizuri ila abiria umetuweka kwenye sentensi moja kama mzigo wa viazi. Abiria kwenye kona ana kazi. Mara ya kwanza kabisa nilipobebwa milimani, pikipiki ikilala kulia mimi najivuta kushoto kwa woga, na dereva anashangaa kwa nini chombo hakikubali kugeuka. Nilifundishwa kitu kimoja tu: angalia juu ya bega la dereva, lile la upande wa kona. Ukifanya hivyo mwili unafuata wenyewe. Kushuka ndiko kugumu zaidi, kwa sababu kila akishika breki unamteleza mgongoni, na uzito wote wa watu wawili unaishia kwenye viganja vyake. Nilibana tangi kwa mikono yote miwili kutoka Soni mpaka Mombo. Siku ya pili nilishindwa kuinua sufuria.

Kuhusu Boxer, mimi sikuona zikivuruga kitu. Niliona kingine, ila ngoja wenyewe waje.

Dereva Mstaafu

Vijana wangu, hiyo njia nimeipita na Fuso miaka kumi na moja, nikishusha kabichi, karoti na viazi kwenda Dar. Mmeongea sana juu ya pikipiki, acha niwaeleze mnavyoonekana mkiwa mnatazamwa kutoka kwenye kabini.

Kwanza hiyo Fuso "imepanua". Lazima ipanue. Gari refu likiingia kona kali, matairi ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani. Dereva akibaki upande wake tu, ya nyuma yatapanda ukuta au yataning'inia. Kwa hiyo anachukua sehemu ya njia yako kabla ya kugeuka, na anapiga honi. Si ubabe. Nyie mmeziba masikio na kofia, na baadhi yenu mmetoboa egzosti. Mimi nilikuwa nashusha kioo hata kama baridi inanikata shingo, ili nisikie aliyeko upande wa pili wa mwamba. Tulisaidiana hivyo.

Pili, na hili mlisome polepole. Pikipiki ya kwanza ikitokea, namwona. Ya pili, najua wako pamoja. Ya tatu, ya nne, ya tano, nasubiri. Kisha kimya. Nahesabu moja, mbili, tatu, nne, hakuna mtu. Nasema wameisha. Gari lina tani zake, liko gia ya pili, siwezi kusimama pale mpaka jioni. Naingia kona. Ndipo anatokea wa saba, peke yake, anawakimbiza wenzake waliomwacha. Huyo ndiye niliyekuwa nikimwogopa miaka yote, maana yeye hanitazami mimi, anatafuta taa nyekundu ya mwenzake.

Kuhusu majani: kabichi zinavuja maji na majani njia nzima, hilo mtalikuta daima. Lakini mkikuta matawi mabichi yamepangwa barabarani, hayo si uchafu. Ni ishara kwamba mbele ya kona kuna gari limekufa. Punguza hapo hapo. Na gari likishapona likaondoka, utingo mvivu analiacha lile jiwe aliloweka nyuma ya tairi. Kwenye gari jiwe lile ni kero. Kwa mtu wa pikipiki ni kaburi.

Mla Kabichi

Mzee umenitoa jasho nikiwa nimekaa kwenye kochi.

Fundi Spoku

Naweka kambi hapa. Mimi nina gereji ndogo Tanga mjini na kila mwisho wa mwezi napokea pikipiki zilizoshuka mlima huo zikiwa zinanuka kama chapati iliyoungua.

Boxer 150 hizi za kazi nyingi zina breki shuu mbele na nyuma. Shuu zinapanuka ndani ya habu na kusugua ukuta wake. Ukishika breki mfululizo kwenye mteremko, habu inapata moto na chuma kikipata moto kinapanuka, kwa hiyo ule ukuta unazikimbia shuu. Unakanyaga, pedali inashuka, breki haipo. Shuu zenyewe nazo zikiungua zinateleza kama zimepakwa sabuni. Mtu anakuja kwangu anasema "fundi, breki zilifeli ghafla." Ghafla wapi, umezipika kilomita nane!

Wenye diski msicheke. Zenu zina mafuta ya breki, na mafuta yale yanavuta unyevu hata kama hujapanda pikipiki mwaka mzima. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi joto 230. Ikishanyonya maji, kiwango kinachoandikwa ni 155. Mafuta yakichemka yanatoa mapovu ndani ya paipu, unabana wenzo mpaka unagusa mpini na hakuna kitu. Ukisimama nusu saa kikipoa, breki inarudi, unadhani ulirogwa. Mafuta ya miaka miwili, kabla ya kwenda Lushoto, mwaga.

Dawa ya wote ni ile ile waliyotufundisha wazee wa malori: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Injini ndiyo iwe breki ya kwanza. Breki zenyewe zishikwe kwa nguvu kidogo na kuachiwa, zishikwe na kuachiwa, zipate pumzi. Na jamani, frii, yaani kushuka bila gia. Naomba tusimame hapo kwenye frii.

Msambaa wa Soni

Onga maundo wote.

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Soni, pale wanapogeukia wa Bumbuli. Nimesoma yote. Fundi umefika kwenye frii na najua unatusema sisi. Ngoja nijibu. Kupanda kutoka Mombo na abiria wawili na gunia unakula petroli. Kushuka, mlima unakupa bure. Ukiweka frii injini inapumzika, mafuta yanabaki, siku ikiisha unaona tofauti kwenye hesabu ya tajiri. Nyie mnapita hapa Jumamosi mkiwa na majaketi ya laki nne. Sisi tunashuka mara sita kwa siku.

Siwatukani. Nasema tu kila mtu na hesabu zake.

Fundi Spoku

Ndugu yangu wa Soni, hesabu yako naiheshimu, ila tuipige pamoja. Ukifunga mkono wa mafuta ukiwa kwenye gia, kabureta inapitisha kile kidogo cha kusailensi tu, yaani cha kuifanya injini isizime. Ukiwa frii, injini pia inakunywa kile kidogo cha kusailensi. Kwenye gia mizunguko ni mingi kwa hiyo unapoteza kidogo zaidi, sikatai. Lakini zile pikipiki mpya zenye injekta, ukifunga mkono kwenye mteremko ukiwa ndani ya gia, zinakata mafuta kabisa. Kabisa! Frii ndiyo inayokula zaidi. Sasa kwa kabureta, kile kidogo unachookoa kwa siku, linganisha na seti ya shuu. Shuu za mteja anayeshuka kwa gia nazibadilisha baada ya muda mrefu. Za mtu wa frii nazijua kwa harufu kabla hajazima.

Tena ukiwa frii ndani ya kona, chombo kinaelea. Ukitaka kukikaza kwa mkono wa mafuta, hakuna kitu cha kukivuta.

Msambaa wa Soni

Hilo la shuu ni kweli. Nabadilisha mno. Nitajaribu wiki moja na gia ya pili nione, nitakuja kusema ukweli hapa hapa.

Boxer Tu

Nimeingia kazini nikaambiwa "nenda kasome, mnafukuzwa kwenye msafara." Nimesoma.

Mimi ni mmoja wa zile Boxer mbili. Wakuu, mwanzisha uzi ni rafiki yangu na ataendelea kuwa rafiki yangu. Lakini uzi huu una mashimo.

Moja. Boxer mlituweka nyuma, nafasi ya saba na ya nane. Kwenye lami ya Msata mnatembea 110, sisi injini ikipiga kelele zote inatoa 90. Wa mbele yetu kila akituangalia kwenye kioo hatuoni, anapunguza, kisha anaona wa mbele yake naye anapotea, anafungua. Ule mvutano uliouona wewe ukausema ni wa Boxer ulianzia hapo.

Mbili. Mlimani hatukuchelewesha mtu. Kupanda, ndiyo, gia ya pili na ya tatu, na hewa ikipungua kule juu na kabureta nayo inaona uvivu. Lakini kushuka kutoka Lushoto mpaka Soni nilikuwa nyuma ya Africa Twin dakika zote na sikushika breki mara kumi. Boxer ina kilo mia na kitu. GS yenye masanduku na matangi ina zaidi ya mara mbili ya hapo. Nani ana shida ya kusimama?

Tatu. "Mwenzetu mmoja alilala." Mwenzetu yupi, Gia? Nilikuwa nyuma yako.

Mla Kabichi

WEEEEE. Leteni viti.

Binti Klachi

😂 Nilisema wenyewe watakuja.

Mla Kabichi

Kumbe ndiyo maana vidole vya kushoto havikutaka kuchapa!

GiaYaTatu

Haya. Nimekamatwa.

Ni mimi. Niandike sasa ilivyokuwa, labda itamsaidia mtu.

Pale Soni tulisimama kupiga picha (Mla Kabichi zipo, nitapandisha). Tulipoondoka nilichelewa kuvaa glavu, nikatoka nikiwa wa sita wakati nilipaswa kuwa wa tatu. Mbele yangu taa nyekundu ya KTM inaingia kona, inapotea. Natoka kona ile, naiona inapotea kwenye nyingine. Hapo akili ilishahama. Sikuwa nasoma barabara tena, nilikuwa nasoma ile taa. Dogo akiwasha breki, nami nashika. Dogo asipowasha, nami sishiki. Pikipiki yake ni nyepesi kuliko yangu kwa kilo nyingi, ila nilikuwa nazichukua kona kwa mwendo wake.

Kona yenyewe inakunja kulia, halafu katikati inakaza zaidi. Niliingia mapema, nikiwa nimeukumbatia mstari wa katikati. Kichwa changu, nadhani, kilikuwa tayari upande wa Fuso. Nikaliona bampa. Nikakumbuka jambo moja tu, kwamba sipaswi kulitazama, na nikalitazama. Ukitazama kitu, chombo kinakwenda kule kule. Nikanyanyua pikipiki, nikatupwa kushoto ukingoni, nikabana breki ya mbele, na chini kulikuwa na majani mabichi na kokoto. Tairi la mbele likaondoka kama mtu amelivuta kwa kamba. Mwendo haukufika 40.

Nakumbuka sauti ya kioo. Si ya kuvunjika, ilikuwa ya kitu kinachodunda, kisha kimya, kisha kinadunda tena kwa mbali. Utingo wa Fuso ndiye aliyefika wa kwanza. Akaniuliza, "Mzee unajijua jina?" Nikamtajia. Akasema, "Basi inuka, tuna nyanya hapa zinaoza."

Boxer wa nyuma yangu alisimama vizuri, akiwa na nafasi ya kutosha, akaweka pikipiki yake juu ya kona kuzuia wanaokuja. Hilo nililificha kwa sababu lilikuwa linaharibu hoja yangu.

Dereva Mstaafu

Wa sita. Nilisema wa saba, nimekosea kwa mtu mmoja.

Pole sana kijana. Umefanya vizuri kusema.

Boxer Tu

Yameisha kaka. Ila ile cc 250 ifute.

GiaYaTatu

Nimeifuta.

Nduthi Eldoret

Wadau, nawasalimu kutoka Kenya. Hii stori imenifika kabisa, kwa sababu sisi huku tuna yetu, ile barabara ya Iten kushuka Kabarnet. Iten iko mita 2,400, unateremka Tambach, kona juu ya kona, mpaka chini kwa mto Kerio, halafu unapanda tena milima ya Tugen. Magari si mengi kama hayo malori yenu, lakini mbuzi wanajua hiyo lami ni yao. Na asubuhi kule Iten unapata wakimbiaji kando ya barabara, hao lazima uwaheshimu, mguu mmoja wa hao ni mali ya taifa.

Kitu hukuta watu wengi hapo ni joto. Juu umevaa kila kitu, ukifika Kerio unapikika ndani ya jaketi, na mtu akipikika anakuwa mjinga. Sisi husimama lazima pale Chebloch, kwa daraja, vijana hudaivu kutoka kwa mwamba hadi mtoni ukiwapea kitu kidogo. Watu wanatoa jaketi, wanakunywa maji, wanahesabiwa. Ndio tuanze kupanda Kabarnet.

Kuhusu nduthi ndogo, yaani pikipiki ndogo: kwa kikundi chetu, mwenye nduthi ndogo au mgeni anakaa namba mbili, nyuma tu ya kiongozi. Kiongozi anamuona kwa kioo kila saa na anatembea mwendo wake. Wenye machuma makubwa wako nyuma, hao hawawezi achwa na mtu. Hakuna kukimbiza kwa sababu hakuna mtu wa kukimbizwa. Na sheria ya kioo: ukikosa kuona taa ya mwenzako wa nyuma, unapunguza. Wa mbele yako naye akikosa kukuona atapunguza. Inafika hadi kwa kiongozi bila mtu kupiga simu.

Boxer Tu

Nakazia. Namba mbili. Niandikieni kwenye fulana.

Fundi Spoku

Na mkia awe mtu anayejua kona, si yule aliyechoka. Hilo makundi mengi hukosea. Mwenye uzoefu wote anawekwa mbele, nyuma anaachwa mwenye moyo mwema ambaye hajui hata kuziba pancha.

Shangazi wa Ilula

Mnaiongelea Lushoto tu kana kwamba mlima wetu wa Kitonga umehamishwa. Karibuni Iringa. Ila Kitonga siyo ya kujifunzia kona, malori ya Tunduma yanapanda yamefuatana kama siafu na ukikuta moja limekufa mnakaa. Mkija, pandeni asubuhi mapema, na msilipite lori mkiwa ndani ya kona hata dereva akiwawashia indiketa. Yeye anaona mbele, haoni mlivyo wengi.

Dereva Mstaafu

Shangazi anajua. Ile indiketa ya "pita" ni ya mtu mmoja. Wa pili akiifuata anajipitisha mwenyewe.

GiaYaTatu

Wakuu nashukuru. Mpango mpya. Mwezi wa tisa, kabla ya vuli, tunarudi, na safari hii hatuishii Lushoto. Tunataka kupita Magamba mpaka Mtae, tulale kule ukingoni. Boxer namba mbili na namba tatu. Mzee wa DR650 mkia. Mimi nitakaa mbele ya mkia, anichunge.

Msambaa wa Soni, ile njia ya Mtae ikoje kwa sasa?

Msambaa wa Soni

Karibuni sana. Lami ikiisha huko juu ni udongo mwekundu. Ukikauka ni mzuri tu, vumbi. Ikinyesha hata kidogo, usiku mmoja, inakuwa kama umemwaga uji, na hapo matairi yenu ya lami msiyalete. Msitu wa Magamba una ukungu asubuhi, mpite baada ya saa nne. Petroli jazeni Lushoto mjini. Vijijini mtaipata kwenye chupa za maji, lakini kwa tangi la GS utamaliza duka la mtu.

Kuanzia Mtae unaona Mkomazi yote chini, na siku ikiwa safi unaona mbali sana. Usiku upepo unapiga mabati. Bebeni masweta mawili, siyo moja.

Halafu nimejaribu gia ya pili wiki nzima. Miguu imechoka kidogo kwa kuwa nimezoea vibaya, mafuta sijaona tofauti ya kunilia. Shuu bado nazisikilizia.

Jambo jingine. Kona uliyoelezea, inayokunja kulia ikakaza katikati, naijua. Kuna watoto wanachunga mbuzi chini yake. Wiki iliyopita mmoja alipita kijiweni anajiangalia kwenye kioo cha pikipiki, cha duara, mkono wake mrefu mweusi, kina mkwaruzo mmoja tu. Nimempa elfu mbili na soda. Kipo hapa Soni, nimekifunga kwenye mpini wa kushoto wa pikipiki yangu maana changu kilishavunjika.

GiaYaTatu

Kiache hapo hapo ndugu yangu. Nitakuja kukiona mwezi wa tisa.